Damu Isiyopatana: Kingamwili za Makundi ya Damu na Uamuzi Unaozikabili Hospitali za Kyela

Mke na mume wakipoteza mimba mbili mfululizo, hakosekani wa kusema kwamba damu zao hazipatani. Mgonjwa wa kundi O akiambiwa hawezi kupewa damu ya kaka yake wa kundi A, wapo watakaosema damu ya O ni kali. Na mama aliyejifungua salama mtoto wa kwanza, kisha akampoteza wa pili kwa umanjano, huulizwa alikosea wapi. Maneno haya husikika Kyela kama yanavyosikika Tukuyu, Mbeya na kwingineko nchini, na yote yanagusa kitu kimoja: kingamwili ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya chembe nyekundu za damu ya mtu mwingine. Shida ni kwamba yanachanganya mambo mawili yenye asili tofauti. Ziko kingamwili ambazo mtu huwa nazo hata kama hajawahi kuongezewa damu, na ziko nyingine ambazo hazitokei mpaka damu ya mwingine iingie mwilini mwake. Anayezichanganya humlaumu asiyehusika. Hospitali inayozichanganya hutumia fedha pasipo na hatari na kuzikosa penye hatari.

Kyela ni wilaya ya mpunga na kakao, takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, yenye joto, mvua nyingi na malaria. Katika maeneo ya namna hii wanaoongezewa damu kwa wingi ni watoto walioishiwa damu kwa malaria na akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kiko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa barabara inayopanda Tukuyu, na anayeumwa Matema au Ikombe, kwenye kona ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, yuko mbali zaidi. Katika mazingira hayo, kujua kingamwili hutoka wapi ndiko kunakoonyesha nani apimwe nini, na kwa fedha ipi.

Sukari na protini

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, akiwa Vienna, alichapisha matokeo ya kazi rahisi ajabu. Alichukua damu yake na ya wenzake wa maabara, akatenganisha majimaji na chembe, kisha akachanganya majimaji ya huyu na chembe za yule. Baadhi ya michanganyiko ilishikamana mabonge mabonge, mingine haikufanya kitu. Hapo ndipo yalipotokea makundi A, B na O. AB liliongezwa na wenzake mwaka uliofuata. Wote waliochangia damu ile walikuwa wazima, na majimaji yao tayari yalikuwa na uwezo wa kushambulia chembe za wengine.

Makundi hayo hutofautiana kwa molekuli moja ya sukari iliyo kwenye ncha ya mnyororo unaochomoza juu ya chembe nyekundu. Mwenye A ana asetili-galaktosamini, mwenye B ana galaktosi, mwenye AB ana zote mbili. Mwenye O hana hata moja, kwa sababu jeni yake, mara nyingi kwa kukosa herufi moja tu, hutoa kimeng'enya kisichofanya kazi. Rh ni habari nyingine kabisa. Antijeni D, inayomfanya mtu aitwe chanya au hasi, ni protini iliyojifuma ndani ya utando wa chembe. Leo mifumo ya makundi ya damu inayotambuliwa kimataifa ni zaidi ya 40, ikiwamo Kell, Duffy, Kidd na MNS, na mingi kati yake mgonjwa wa kawaida hatasikia ikitajwa maisha yake yote.

Sukari na protini haziichokozi kinga kwa namna moja. Sukari inayojirudia kwa wingi huweza kuziamsha chembe B, yaani chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili, bila msaada mkubwa wa chembe T zinazozisaidia. Kinachotoka hapo mara nyingi ni IgM, kingamwili kubwa isiyoweza kuvuka kondo la nyuma. Protini hudai chembe T zishiriki, na kazi hiyo huchukua wiki au hata miezi. Ikikamilika hutoa IgG, iliyo ndogo na inayovuka kondo hadi kwa mtoto, tena huacha kumbukumbu inayodumu miaka mingi. Mengi ya yanayofuata yanatokana na tofauti hii.

Kingamwili zisizosubiri damu

Mwenye kundi A ana kingamwili dhidi ya B. Mwenye B anazo dhidi ya A. Mwenye O anazo dhidi ya zote mbili. Zimetoka wapi ikiwa hajawahi kuguswa na damu ya mtu? Wataalamu wamevutana juu ya hili kwa zaidi ya nusu karne.

Hoja ya kwanza ilisema zinarithiwa pamoja na kundi lenyewe. Nguvu yake ni ukawaida wake: karibu kila mtu mzima anazo, na daima ni zile za antijeni anazokosa, kana kwamba jeni moja imeandika yote mawili. Hoja hii ilipata msaada baadaye kutoka kwa panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote, ambao bado walikutwa na IgM ya asili kwa kiwango kisicho mbali na cha panya wa kawaida. Kwa hiyo mwili una akiba ya kingamwili isiyongoja mchokozi. Ila hoja ina pengo kubwa. Mtoto mchanga hana kingamwili zake mwenyewe za A na B. Zinazokutwa ni za mama yake. Zake huanza kuonekana akiwa na miezi 3 hadi 6, na hufikia kilele kati ya miaka 5 na 10. Kitu kilichorithiwa kikiwa kamili kisingesubiri mtoto aanze kutambaa na kutia vitu mdomoni.

Hoja ya pili ndiyo hiyo ya kutia vitu mdomoni. Bakteria wengi wa tumboni wana sukari zinazofanana na A na B. Mwaka 1959 Georg Springer na wenzake walilea vifaranga katika mazingira yasiyo na vijidudu. Vifaranga hao hawakupata kingamwili dhidi ya B, ilhali wale wa kawaida walizipata. Walipopewa aina ya Escherichia coli iitwayo O86, yenye sukari kama ya B, zilijitokeza. Ni vigumu kupata jaribio linalojibu swali kwa uwazi kuliko hili. Udhaifu wake ni kwamba kifaranga si mtoto wa binadamu, na kwamba bakteria peke yao hawaelezi kwa nini watu wanaokula chungu kimoja hutofautiana sana katika wingi wa kingamwili hizo.

Zikipimwa pamoja, hoja ya pili ina uzito zaidi, lakini imesimama juu ya ya kwanza. Jeni huamua ni chembe B zipi zinaruhusiwa kubaki: mwenye sukari ya A hupoteza zile ambazo zingeishambulia A yake. Zilizobaki husubiri, na bakteria ndio wanaozichochea ziongezeke. Mtoto wa kundi O wa Ipinda hupata kingamwili dhidi ya A na B kwa sababu tumbo lake limekutana na sukari hizo kwa bakteria, na jeni zake hazikumpa sababu ya kuzivumilia.

Hapa msemo wa mtaani kwamba damu ya O ni kali unapata nusu ya haki. Mtu wa O husifiwa kama mtoaji wa wote, na kwa chembe nyekundu pekee sifa hiyo ni sahihi. Lakini pale mgonjwa anapopewa damu nzima, anapokea na majimaji yenye kingamwili dhidi ya A na B, na kwa baadhi ya watoaji wa O kingamwili hizo ni nyingi kiasi cha kuvunja chembe za mtoto mdogo wa kundi A. Watafiti wa Afrika wameeleza viwango vya juu kwa watoaji wa bara hili, na bakteria na minyoo wamehusishwa navyo. Pwani ya ziwa, ambako mtoto hukutana na vyote viwili mapema, haina sababu ya kujihesabu nje ya maelezo hayo. O kwa A ni damu ya dharura, si ya kila siku.

Akina mama wa O wana jambo lao pia. Sehemu ya kingamwili zao za A na B ni IgG, hivyo huvuka kondo, na kwa kuwa zilikuwapo kabla ya mimba zinaweza kumgusa hata mtoto wa kwanza. Kwa kawaida huleta umanjano wa kadiri, kwa sababu chembe za mchanga hazijawa na sukari nyingi ya A au B. Umanjano unaojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, hata hivyo, haungojewi upite wenyewe.

Kingamwili zinazojifunza

Rh haina bakteria wa kuifundisha. Mwanamke wa Rh hasi hana kingamwili dhidi ya D mpaka chembe zenye D ziingie kwake, ama kwa kuongezewa damu, ama kwa damu ya mtoto kupenya wakati wa kujifungua, mimba kuharibika au kuvuja damu ujauzitoni. Mtoto wa kwanza huwa ameshatoka kinga ya mama inapomaliza somo. Anayelipia ni wa pili. Philip Levine na Rufus Stetson walieleza tukio la namna hii mwaka 1939 huko New York: mama aliyejifungua mtoto mfu aliongezewa damu ya mumewe, akapata madhara makubwa, kwa kuwa alikuwa ameshatengeneza kingamwili dhidi ya kitu ambacho mtoto alikirithi kwa baba.

Si kila mwanamke hujifunza. Kabla ya sindano ya anti-D, takriban 16 kati ya 100 walio katika hatari hiyo walitengeneza kingamwili, iwapo kundi la ABO la mtoto lilipatana na lao. Pale lisipopatana, walikuwa 2 hivi kati ya 100. Takwimu hii inaunganisha nusu mbili za makala haya: kingamwili zilizochochewa na bakteria huziharibu chembe za mtoto ndani ya damu ya mama kabla mfumo wa pili haujazitambua. Damu zinazoitwa zisizopatana, kwa upande mmoja, zinamkinga mtoto ajaye.

Sindano ya anti-D imejengwa juu ya wazo hilohilo, yaani kuzipa chembe za D kingamwili za kuazima kabla mama hajatengeneza zake. Vikundi vya Liverpool na New York viliijaribu katika miaka ya 1960, na ikaanza kutumika rasmi mwaka 1968. Sharti la kuichoma ndani ya saa 72 baada ya kujifungua halikutokana na baiolojia. Majaribio ya New York yalifanywa kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing, na taratibu za gereza ziliwalazimu watafiti kusubiri siku tatu. Kwa mama aliyejifungulia nyumbani mbali na hospitali, hii ina maana: kuchoma mapema ni bora, lakini kuchelewa kidogo si sababu ya kumrudisha mikono mitupu, kwani miongozo ya nje hukubali kujaribu hadi siku ya 10.

Husemwa kwamba Rh hasi ni tatizo la Wazungu, maana wao ni takriban 15 kati ya 100, ilhali Afrika Mashariki ni 3 hadi 5. Hesabu ya kurithi inaonyesha upande wa pili. Ikiwa wanawake 4 kati ya 100 ni hasi, basi jeni ya hasi ni moja kati ya tano, na watoto 8 kati ya 10 wa mama aliye hasi watakuwa chanya. Ulaya ni kama 6 kati ya 10. Walio hatarini huku ni wachache, lakini kila mmoja wao yuko hatarini zaidi, na akizaa watoto watano au sita, hatari hujirudia kila mara.

Kuhusu wanandoa wa kundi moja, kwa mfano O na O, hakuna cha kuogopa katika ABO. Mtoto wao atakuwa O na mama hana cha kumshambulia. Wala Rh haielezi mimba changa zinazotoka mfululizo: madhara yake huja mimba ikiwa kubwa au mtoto akishazaliwa. Kwa mama wa Kyela, malaria na kaswende zinastahili kutafutwa kwanza, na zote zinatibika.

Anayeongezewa mara kwa mara

Watoto wenye siko seli huongezewa damu tena na tena, na Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta asilimia 30 ya wagonjwa weusi wa siko seli walikuwa na kingamwili dhidi ya damu walizopewa, dhidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa anemia nyingine. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuta asilimia 6 hivi mwaka 2010, na Muhimbili baadaye takriban asilimia 4. Ugonjwa ni uleule. Mbona pengo ni kubwa hivyo?

Maelezo yenye nguvu ni kufanana kwa mtoaji na mpokeaji. Mgonjwa wa Marekani mwenye asili ya Afrika alipewa damu nyingi za watu wenye asili ya Ulaya, zenye antijeni ambazo kwao si nadra na kwake ni ngeni. Mgonjwa wa Kyela hupewa damu ya mwanafunzi wa sekondari wa jirani au ya mjomba wake, na antijeni zao zinakaribiana. Kell ni mfano: antijeni K inapatikana kwa karibu asilimia 9 ya Wazungu na ni adimu sana kwetu. Duffy ni mfano mwingine. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawana Duffy juu ya chembe nyekundu, jambo linalowakinga na malaria ya vivax, lakini wanayo katika seli nyingine za mwili, kwa hiyo kinga yao inaifahamu na kwa kawaida haitengenezi kingamwili dhidi ya umbo lake la Fyb.

Yapo maelezo mengine yanayopunguza furaha hiyo. Wagonjwa wetu wamepewa chupa chache za damu, hivyo nafasi za kujifunza ni chache. Tena kingamwili hupungua hadi kutoonekana kwenye kipimo, huku kumbukumbu ikibaki. Ukipima mara moja, unawakosa waliokwisha kusahauliwa na maabara lakini si na miili yao wenyewe. Asilimia 4 isomwe kama kiwango cha chini.

Hatari hasa iko hapo. Mgonjwa mwenye kumbukumbu iliyolala akipewa damu yenye antijeni ile, siku 5 hadi 10 baadaye hupata homa, macho ya manjano, mkojo mweusi na damu kushuka. Pwani ya Ziwa Nyasa picha hiyo husomwa haraka kama malaria, mgonjwa hupewa dawa ya malaria, na damu ileile huenda ikarudiwa.

Malaria, matende na kelele za kinga

Je, mwili uliojaa maambukizi hujifunza zaidi au kidogo? Kwa panya, uchochezi unaofanana na wa virusi huongeza utengenezaji wa kingamwili dhidi ya damu waliyoongezewa, na ule wa sumu za baadhi ya bakteria huupunguza. Kyela imeshatoa ushahidi wa jinsi vimelea vinavyobadili kinga: utafiti uliochapishwa katika Lancet mwaka 2016 ulikuta waliokuwa na minyoo ya matende na mabusha wilayani humo wakiambukizwa VVU kwa takriban mara mbili ya wasiokuwa nayo. Hilo halithibitishi chochote kuhusu damu. Linatosha, hata hivyo, kutuzuia kuchukua tarakimu za Ulaya na kuzibandika Kyela, iwe kwa kutisha au kwa kutuliza.

Njia tatu na gharama zake

Njia ya kwanza ni kupima kingamwili kwa kila anayeongezewa damu, kama zifanyavyo nchi tajiri. Inakamata hatari kabla haijatokea. Lakini chembe za kupimia huagizwa nje, huharibika baada ya wiki chache, hudai jokofu lisilokatika umeme, na nyingi zimetoka kwa watoaji wa Ulaya, kwa hiyo zinaweza kukosa antijeni zinazopatikana Afrika. Kwa mtoto aliyeletwa akihema kwa kukosa damu, muda ni hatari kubwa kuliko kingamwili. Utafiti wa hospitali ya Siaya, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba manufaa ya damu yalikuwa kwa watoto walioipata mapema baada ya kulazwa. Mtoto huyo huenda asiongezewe damu tena maishani.

Njia ya pili ni kuwalinganishia wagonjwa wa siko seli antijeni za ziada, hasa C na E za Rh, pamoja na K. Ina maana Muhimbili na katika hospitali ya kanda Mbeya. Kwa wilaya yenye chupa chache kwenye jokofu, kuchagua ndani ya uchache mara nyingi ni kukosa kabisa, na K, kama ilivyoonekana, hailipi gharama yake.

Njia ya tatu ni kubaki na ABO na D, na kufanya kwa ukamilifu vitu vinne visivyohitaji mtambo mpya. Krosimachi, yaani kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji kabla ya kuongezewa, ifike hatua ya antiglobulini kwenye joto la mwili, maana kulinganisha kwa joto la chumba peke yake hukamata IgM na huacha IgG ipite. Kila mama wa Rh hasi ajulikane kliniki ya kwanza, na anti-D iwepo kabla hajajifungua. Mume asiwe wa kwanza kumtolea damu mkewe: ama ameshamfundisha kupitia mimba, ama atamfundisha sasa na mtoto ajaye akalipia. Mume atoe damu kwa ajili ya benki, na mke apewe ya mwingine. Cha nne ni karatasi: kingamwili iliyogunduliwa Mbeya mwaka huu na isiyoandikwa popote haitamsaidia mgonjwa atakayelazwa Kyela baada ya miaka mitatu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba wachache watapita bila kugunduliwa. Hao wapo, na asilimia 4 kwa wagonjwa wa siko seli ni watoto wenye majina. Lakini fedha za kumpima kila mmoja zitatoka katika mfuko uleule wa anti-D, wa mifuko ya damu na wa safari za kwenda shuleni kukusanya damu. Kwa Kyela ya leo, njia ya tatu ndiyo sahihi, na ya pili ianzie Mbeya kwa wenye siko seli pekee.

Mama mjamzito adai kundi lake na Rh yake viandikwe kwenye kadi. Mzazi wa mtoto mwenye siko seli ahifadhi cheti cha kila damu aliyoongezewa mtoto wake, na akimwona ana homa na macho ya manjano ndani ya wiki mbili baada ya damu, amwambie daktari tarehe aliyoongezewa kabla ya kipimo cha malaria kusomwa.